Cheti cha fundi kinapovuka mpaka: ushirikiano wa mafunzo ya ufundi na ajira barani Asia

Swali: Mimi ni mkufunzi wa uchomeleaji katika chuo cha ufundi stadi mkoani Tanga. Uongozi wetu unajiandaa kutia saini hati ya ushirikiano na chuo kimoja cha nchi jirani, na katika kila kikao mfano unaotolewa ni wa Asia: kwamba huko nchi zimeungana, cheti cha fundi kinatambulika kila mahali, na ndiyo maana vijana wao wanaajiriwa hadi Korea na Uarabuni. Je, maneno haya ni ya kweli kiasi gani, na ni nini hasa kilichofanya kazi huko?

Jibu: Mwalimu, mnayoambiwa vikaoni yana ukweli ndani yake, lakini yamechanganya mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kutambuana kwa vyeti kati ya nchi na nchi, ambako Asia imekwenda polepole sana. La pili ni makubaliano juu ya kazi mahususi, yenye mtihani unaojulikana na mwajiri anayejulikana, na haya kweli yamewaingiza vijana wengi kazini. Nitaanza na lile la kwanza kwa sababu ndilo linalopenda kuandikwa katika hati kama hiyo yenu.

Hakuna cheti cha ufundi kinachotambulika Asia nzima, wala hata Kusini-Mashariki mwa Asia peke yake. Jumuiya ya nchi za eneo hilo, ASEAN, iliyoundwa Bangkok mwaka 1967, ilianza mwaka 2005 kutia saini mikataba ya kutambuana sifa za kitaaluma, na mikataba hiyo inagusa fani nane: uhandisi, uuguzi, usanifu wa majengo, upimaji wa ardhi, udaktari, udaktari wa meno, uhasibu na utalii. Ukiisoma orodha hiyo kwa jicho la mtu wa karakana utaona mara moja kwamba, ukiuondoa utalii, fani zote zilizobaki ni za watu wenye taaluma za juu na bodi za usajili. Mchomeleaji hayumo. Fundi umeme, mwashi na fundi magari hawamo pia.

Hata hao waliomo hawavuki mpaka kwa wepesi. Mhandisi anayetaka kuandikishwa katika daftari la pamoja la ASEAN anatakiwa awe na uzoefu wa miaka isiyopungua 7 tangu ahitimu, miwili kati yake akiwa amebeba dhamana ya kazi kubwa, na akishaandikishwa bado anatakiwa kufanya kazi ugenini kwa kushirikiana na wahandisi wenyeji. Muuguzi anatakiwa awe ametumikia miaka 3 mfululizo, kisha atimize masharti ya leseni ya nchi anayokwenda. Thailand mtihani wa leseni hufanywa kwa Kithai, kwa hiyo muuguzi wa Manila mwenye mafunzo mazuri na Kiingereza fasaha hukwama mlangoni. Mikataba hii hutambua sifa tu. Ruhusa ya kuishi na kufanya kazi hubaki mikononi mwa idara za uhamiaji na kazi za kila nchi, na hizo hazikuacha hata shubiri moja ya mamlaka yao.

Utalii unastahili kutazamwa peke yake, kwa maana ndiyo fani inayokaribia zaidi ulimwengu wetu wa ufundi stadi. Mkataba wake, uliokamilishwa kutiwa saini mwaka 2012, umeorodhesha vyeo 32 vya hoteli na safari, kuanzia wapishi, wahudumu wa meza na wasafishaji wa vyumba hadi watu wa mapokezi na mawakala wa safari, na kwa vyeo hivyo ukaandika yale ambayo mtu anapaswa kuweza kuyatenda kwa mikono yake. Pamoja na hayo viliandaliwa vitabu vya mkufunzi, vya mwanafunzi na vya mpimaji, ambavyo vyuo vya nchi zote wanachama vinaweza kuvitumia. Faida kubwa ya kazi hiyo, kwa maoni yangu, imeonekana ndani ya vyuo kuliko mipakani: chuo kidogo cha hoteli nchini Laos kinaweza kufundisha na kupima kwa kiwango kile kile kinachofuatwa Indonesia, bila kusubiri kuwa na fedha za kutunga mtaala wake. Lakini mpishi mwenye cheti hicho akitaka kazi nchi ya pili bado anahitaji kibali cha kazi kama mgeni mwingine yeyote.

ASEAN pia ina mfumo wa marejeo wa tuzo (yaani vyeti na sifa za masomo) wenye ngazi nane, unaoziwezesha nchi kulinganisha ngazi za vyeti vyao. Mfumo huo una manufaa kwa wanaotunga sera, nami siubezi. Ila mwajiri aliyesimama kwenye geti la kiwanda haulizi cheti kiko ngazi ya 3 au ya 4. Anauliza kama huyu kijana anaweza kazi.

Lililo zito zaidi ni kwamba watu wanaovuka mipaka kwa wingi katika eneo hilo ndio wale ambao mikataba imewaacha nje. Wafanyakazi kutoka Myanmar, Kambodia na Laos wanaokwenda Thailand huishia kwenye ujenzi, uvuvi, mashamba, viwanda na kazi za nyumbani. Wengi hujifunza kazi wakiwa huko huko, wanakuwa mafundi wa kweli baada ya miaka kadhaa, kisha wanarudi kwao bila karatasi yoyote inayosema walichojifunza. Shirika la Kazi Duniani (ILO) limezisaidia baadhi ya nchi hizo kulinganisha viwango vya kazi chache, kama uashi na upigaji lipu, ili ujuzi wa mhamiaji uweze kupimwa na kuandikwa. Ni kazi ndogo ukilinganisha na ukubwa wa tatizo, lakini imeelekezwa mahali panapostahili, na inafanana sana na urasimishaji ujuzi unaofanywa na VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, kwa mafundi wetu wa mitaani. Nasi Afrika Mashariki tumefuata njia ile ile ya ASEAN: mikataba ya kutambuana ndani ya Jumuiya yetu ilianza na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo, na fundi akabaki nje.

Sasa nije kwenye yale yaliyofanya kazi. Msingi wake, usiotajwa sana vikaoni, ni mafunzo ya wakufunzi wenyewe. Mwaka 1973, chini ya Mpango wa Colombo, ambao ni mpango wa ushirikiano wa maendeleo, nchi za Asia na Pasifiki zilianzisha chuo cha kuwaendeleza walimu na wakuu wa vyuo vya ufundi. Kilianzia Singapore, baadaye kikahamia Manila, na kipo hadi leo. Mwaka 1990 shirika la mawaziri wa elimu wa Kusini-Mashariki mwa Asia, SEAMEO, lilifungua kituo chake cha elimu ya ufundi nchini Brunei kwa kazi hiyo hiyo. Vituo hivi havitoi mafundi. Vinachukua wakufunzi na wasimamizi kutoka nchi tofauti, vinawaweka darasa moja, na vinawafundisha kutunga mitaala inayozingatia umahiri, kupima kwa vitendo na kuendesha karakana. Naamini kwamba nchi hizo zisingeweza hata kuketi kuzungumza juu ya kutambuana kama wakufunzi wao hawangekuwa kwanza na lugha moja ya kazi.

Singapore ndiyo inayonifunza zaidi, na naomba uvumilivu wako nikikaa hapo kidogo. Ilipojitegemea mwaka 1965 ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi na haikuwa na mafundi wa vipimo vya usahihi waliotakiwa na viwanda ilivyovihitaji. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 Bodi yake ya Maendeleo ya Uchumi ilikubaliana na kampuni tatu za kigeni, Tata ya India, Rollei ya Ujerumani iliyotengeneza kamera, na Philips ya Uholanzi, kuanzisha vituo vya mafunzo. Serikali ilitoa majengo na kuchangia gharama, kampuni zikaleta wakufunzi, mashine na mtaala. Sharti lililokuwa na akili kubwa ni kwamba kituo kifunze vijana wengi kuliko mahitaji ya kampuni yenyewe, na waliozidi waende viwanda vingine. Rollei ilipofilisika na kufunga viwanda vyake nchini humo mwaka 1981, hasara haikuwa kubwa kama ambavyo ingekuwa kwa nchi nyingine, kwa kuwa ujuzi ulikwisha kuingia mikononi mwa watu, na viwanda vingine vya usahihi viliwachukua watu hao.

Baada ya hapo ushirikiano ukahamia kati ya serikali na serikali: kituo cha Japani na Singapore, chuo cha Ujerumani na Singapore, na cha Ufaransa na Singapore, vyote vikianzishwa kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Wakufunzi wa Singapore walipelekwa Ujerumani na Japani kujifunza, kisha wakarudi kushika nafasi za wageni mmoja baada ya mwingine. Katika chuo cha Ujerumani ndipo lilipokua wazo la kiwanda cha kufundishia, ambako mwanafunzi hafanyi zoezi la kutupwa baada ya kusahihishwa, bali hutengeneza kitu ambacho kampuni halisi imekiomba na inakisubiri. Vyuo hivyo baadaye vikawa chimbuko la Nanyang Polytechnic, na Singapore yenyewe ikawa mwalimu: kupitia programu yake ya ushirikiano iliyoanza mwaka 1992, imepokea maofisa wa nchi nyingi zinazoendelea, wakiwamo wa Afrika. Zingatia, Mwalimu, kwamba kutoka kituo cha kwanza hadi hapo ilipita miaka 20. Wanaonukuu mfano wa Singapore vikaoni huruka muda huo.

Kuhusu ajira ya nje, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Korea Kusini. Mwezi Agosti 2004 ilianza mfumo wake wa vibali vya ajira, ambao chini yake huingia hati za makubaliano na serikali za nchi zinazopeleka wafanyakazi, na kwa miaka mingi nchi hizo zilikuwa 16, miongoni mwao Nepal, Vietnam, Ufilipino, Bangladesh, Indonesia, Sri Lanka na Mongolia. Mawakala binafsi hawana nafasi katika uajiri huo. Mwombaji hufanya mtihani wa lugha ya Kikorea unaosimamiwa na Wakorea wenyewe, hupimwa ujuzi na afya, jina lake huingia katika orodha, na mwajiri aliyeshindwa kupata Mkorea huchagua kutoka orodha hiyo. Idadi hupangwa kila mwaka. Kwa mwaka 2024 ilikuwa 165,000. Mfumo huu umepunguza sana ada za ulaghai ambazo familia maskini zilikuwa zikiwalipa mawakala, na kwa hilo peke yake unastahili heshima.

Hata hivyo usiuchukue bila kuuchunguza. Mfanyakazi anaruhusiwa kukaa miaka 3, na mwajiri akitaka humwongezea mwaka 1 na miezi 10, ili asifike miaka 5 ambayo ingemfungulia njia ya kuomba ukaazi. Kubadili mwajiri kumewekewa mipaka mikali. Na kwa kuwa kigezo kikuu ni lugha, mtu mwenye shahada anaweza kujikuta akivuna mboga au akisimamia mashine ya plastiki, kisha akarudi Nepal na akiba ya fedha lakini bila ujuzi uliopimwa. Huo ni ushirikiano wa ajira. Kuuita ushirikiano wa mafunzo ya ufundi ni kuupa sifa usiyoistahili.

Japani ilijaribu kuviunganisha viwili hivyo, na matokeo yake yanasikitisha. Programu yake ya mafunzo ya kiufundi kwa vitendo, iliyoanza mwaka 1993, ilitangazwa kuwa njia ya kuhamishia ujuzi katika nchi zinazoendelea, lakini kwa miaka mingi ilitumika kuziba upungufu wa vibarua, huku mwanagenzi akifungwa kwa mwajiri mmoja asiyeweza kumkimbia hata akionewa. Mwezi Juni 2024 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuibadili kwa mfumo mpya utakaoanza mwaka 2027, ambao unakiri waziwazi kwamba Japani inawahitaji watu hao na unawaruhusu, kwa masharti, kuhamia kwa mwajiri mwingine wa fani hiyo hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kufika hapo.

Ufilipino, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi tukizungumzia Uarabuni, ilijenga nguvu yake nyumbani kwanza. Mamlaka yake ya ufundi, TESDA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na hutoa vyeti vya taifa kwa kumpima mtu anachoweza, awe alisoma chuoni au alijifunza kazini. Kuanzia mwaka 2006 serikali hiyo iliweka masharti kwa watumishi wa nyumbani wanaokwenda nje: cheti cha taifa cha kazi hiyo, umri usiopungua kiwango kilichowekwa, na mshahara usiopungua dola 400 za Kimarekani kwa mwezi. Jambo hili linatugusa moja kwa moja, kwani mabinti wa Mombasa, Kampala na Zanzibar hufanya kazi katika miji ile ile, mara nyingine katika mitaa ile ile. Kinachomlinda Mfilipino si cheti peke yake. Nyuma ya cheti kuna serikali iliyo tayari kusimama. Mwaka 2018, baada ya mfanyakazi wa Kifilipino kukutwa ameuawa nchini Kuwait, Manila ilisimamisha kupeleka watu huko, na miezi michache baadaye nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano, yakiwamo ya mfanyakazi kutonyang'anywa pasi yake ya kusafiria na simu yake. Naumia kila ninapoona wasichana wetu wakipewa mafunzo ya wiki chache ya kutumia mashine ya kufulia, wakaitwa wenye ujuzi, kisha wakapelekwa bila kitu chochote cha namna hiyo nyuma yao.

China nayo ina mtindo wake, Karakana za Luban, ambazo chuo cha Kichina huzianzisha ndani ya chuo cha nchi nyingine kwa kuleta vifaa, mtaala na mafunzo ya wakufunzi. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2016 huko Ayutthaya, Thailand, na mwaka 2019 zikafika Afrika, Djibouti na kisha Chuo Kikuu cha Machakos nchini Kenya. Ile ya Djibouti iliambatana na reli ya Addis Ababa inayohitaji mafundi, na kwa hiyo ilikuwa na mwajiri tangu siku ya kwanza. Pasipo na mwajiri wa namna hiyo, vifaa vipya huzeeka vikiwa na vumbi, na hilo halitegemei vimetoka nchi gani.

Nikirudi sasa karakanani kwako, fani yako ina bahati, kwa sababu chuma ni kile kile Tanga na Busan, huko Korea. Kiwango cha kimataifa cha kumpima mchomeleaji, ISO 9606, hakiulizi mtu alisoma wapi wala kwa miaka mingapi. Humpa bamba au bomba, kikataja njia ya uchomeleaji, unene na mkao wa kipande kinachochomelewa, kisha mshono hukaguliwa kwa macho, hupigwa mionzi au hupindwa hadi uonyeshe kama umeshika. Aliyefaulu bamba la kulazwa hahesabiwi kuwa amefaulu bomba lisilozungushwa lililoinamishwa nyuzi 45. Na cheti hicho kinahitaji kuthibitishwa kila baada ya miezi 6 kwamba mwenyewe bado anafanya kazi hiyo. Viwanda vya meli vya Korea, ambavyo miaka ya karibuni vimewaleta wachomeleaji kutoka Thailand, Vietnam na Indonesia, vinataka kuona mshono. Katika kazi za mabomba kama lile la mafuta linalotoka Hoima hadi Chongoleani, hapo kwenu, mtu hupewa kiungo cha kujaribiwa kabla hajagusa bomba lenyewe, awe na vyeti vingi kiasi gani.

Kwa sababu hiyo ningewashauri viongozi wako wasilitangulize neno "kutambuana" katika hati yao. Waanze na fani moja tu, hii yako, na mkao mmoja au miwili ambayo waajiri wa pande zote mbili wanaihitaji kwa kweli. Waandike wakufunzi wangapi watabadilishana karakana, kwa muhula upi, na nani atawalipa posho. Waandike pia nani atanunua mabamba, elektrodi na gesi, kwa kuwa mazoezi ya uchomeleaji hula vifaa, na mipango mingi mizuri ya vyuo vyetu imefia kwenye stoo tupu katikati ya muhula. Mwajiri mmoja wa kila upande aingie kama mtahini, si kama mgeni wa heshima wa siku ya uzinduzi.

Na kabla ya siku ya saini, omba lifanyike jambo moja. Wanafunzi watano wa kila chuo wachomelee mabamba ya unene mmoja, kwa mkao mmoja, kwa muda uliopangwa. Mabamba yapewe namba badala ya majina, yabadilishwe kati ya vyuo, kisha wakufunzi wa kila upande wayakate, wayapinde na kuandika alama za kazi ya wenzao. Karatasi ya matokeo hayo, jinsi yatakavyokuwa, iambatishwe kwenye rasimu ya hati itakayopelekwa mezani.